Nililala na GB 3, nikaamka na MB 400

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nina tableti ya Android ambayo kazi yake kwangu ni barua pepe, kusoma vitabu vya PDF na WhatsApp ya ndugu na marafiki. Intaneti naipata kwenye ruta ndogo ya laini, ile ya kubeba mfukoni, na bando langu ni GB 10 kwa mwezi. Mwezi huu halikufika siku ya kumi. Juzi niliangalia salio kabla ya kulala, zilikuwa GB 3. Nikachomeka tableti kwenye chaja, nikalala. Asubuhi naangalia, zimebaki MB 400. Sikutazama video, sikupakua kitu, na programu zote nilikuwa nimezifunga kwa kuzitelezesha zitoke kwenye skrini. Nimeshaweka programu mbili za kusafisha na kuokoa data, sioni tofauti. Je, kampuni ya simu inaniibia, au kuna kitu ndani ya tableti kinachokula bando nikiwa nimelala?

JIBU: Kikulacho ki nguoni mwako. Kampuni ya simu iweke kando kwanza. Karibu nina hakika data hiyo ilipita kwenye tableti yako kihalali kabisa, kwa ruhusa uliyoitoa siku ulipoiwasha mara ya kwanza, ukawa unabonyeza "kubali" na "endelea" ili umalize haraka. Sikulaumu, sote tunafanya hivyo. Na kinachonipa hakika hiyo ni maneno mawili uliyoyataja kwa kupita tu: chaja na ruta.

Tableti ina kazi nyingi zisizokuhitaji wewe uwepo. Kupandisha picha zako kwenye hifadhi ya mtandaoni, kusasisha programu, kushusha toleo jipya la mfumo, kuvuta viambatisho vya barua pepe, kuhuisha ramani ulizohifadhi. Zikifanyika mchana ukiwa umeishika, zitamaliza betri na kukuchelewesha. Kwa hiyo tangu toleo la 5 la mwaka 2014, Android ina msimamizi wa foleni. Programu inampelekea kazi na kumwachia masharti, na kwa kazi nzito masharti huwa karibu yaleyale: tableti iwe kwenye chaja, pasiwe na mtu anayeitumia, na iwe kwenye mtandao usiopima data. Toleo la 6, mwaka 2015, likaongeza usingizi mzito: tableti ikiwa imetulia mahali pamoja na skrini imezimwa, programu zinazuiwa kugusa mtandao isipokuwa kwa vipindi vifupi. Ila usingizi huo una sharti lake. Ukichomeka chaja, haupo.

Sasa rudi kwenye usiku wa juzi. Uliichomeka chaja, ukaiweka mezani, ukalala. Masharti mawili yametimia na usingizi mzito umeondolewa. Limebaki la tatu, mtandao usiopima data, na hapo ndipo tableti yako ilipokosea. Iliona Wi-Fi. Kwa Android, Wi-Fi ni mtandao usio na kipimo mpaka iambiwe vinginevyo. Haijui kwamba nyuma ya Wi-Fi hiyo kuna laini ya simu yenye bando la GB 10. Ungekuwa unatumia intaneti ya kugawiwa na simu ya Android, pengine ungepona, kwa sababu simu hiyo inapoipa tableti anwani ya mtandao huambatanisha alama ndogo inayosema "mimi ninapimwa", na tableti ya Android inaielewa. Ruta za mfukoni kwa kawaida hazisemi kitu. Tableti ikahesabu uko nyumbani kwenye waya usiokwisha, foleni yote ya wiki ikaachiwa.

Usishangae kwamba GB 2.6 zinaweza kwenda kwa usiku mmoja. Kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, ambayo siyo kubwa, ni megabaiti 1 kila sekunde. Kwa kasi hiyo GB 2.6 zinapita kwa dakika 43 hivi. Hukuwa umefika hata kwenye ndoto ya kwanza.

Dawa ya kwanza, basi, ni kuiambia tableti ukweli kuhusu mtandao iliopo. Fungua Mipangilio, ingia Mtandao na intaneti, kisha Intaneti. Kando ya jina la Wi-Fi ya ruta yako kuna alama ya gurudumu lenye meno, ibonyeze. Ndani ya ukurasa huo tafuta sehemu ya matumizi ya mtandao, ambayo mara nyingi imeachwa ijitambulie yenyewe. Ibadilishe iwe mtandao unaopima data. Kila chapa ya tableti inapenda kuhamisha vyumba vya nyumba hii, na kwenye Samsung kwa mfano itakubidi ufungue sehemu ya kuona zaidi, lakini chaguo lenyewe liko kwenye ukurasa wa mtandao husika. Kila Wi-Fi ina mpangilio wake. Ukija kubadilisha jina la ruta, au ukiisahaulisha tableti mtandao huo na kuunganisha upya, alama inafutika na inabidi uiweke tena. Watu wengi hulalamika kwamba "ilifanya kazi mwezi mmoja ikaacha" kwa sababu hiyo tu.

Ukishafanya hivyo, washa Kiokoa Data, kilichomo humohumo ndani ya Mtandao na intaneti. Kipo tangu Android 7 ya mwaka 2016, na najua wapo wasomaji waliokwisha kukiwasha wakaona hakina maana. Walikuwa sahihi kwa hali yao: Kiokoa Data hufunga data ya chinichini pale tu tableti inapojua kuwa mtandao unapimwa. Ukikiwasha bila kuiwekea Wi-Fi ile alama, umemweka mlinzi mlango wa mbele na watu wanapita wa nyuma. Vikienda pamoja, programu ambayo hujaifungua haipati mtandao kabisa, ila zile utakazoziruhusu wewe kwa jina. Ruhusu chache. Barua pepe na WhatsApp zinatosha kwa matumizi uliyonieleza, na hata hizo unaweza kuzinyima kama huoni shida ujumbe kuingia pale unapofungua programu.

Lakini kabla hujaenda mbali, ningependa umtazame mlaji usoni, maana bila hivyo utazima vitu ishirini na kumwacha yuleyule. Kwenye Mtandao na intaneti tafuta matumizi ya data ya Wi-Fi, ambayo tableti nyingine huyaita matumizi yasiyo ya mtoa huduma. Utaona grafu, na chini yake programu zimepangwa kuanzia iliyokula zaidi. Jumla peke yake haisemi kitu. Bonyeza jina la kwanza, ukurasa wake utakugawia hesabu mbili: ya mbele, yaani programu ikiwa wazi mbele yako, na ya chinichini.

Shangazi yangu aliniletea tableti yake na malalamiko kama yako, tukafungua ukurasa huo pamoja. Juu kabisa ilikaa programu ya picha: mbele MB 38, chinichini GB 4.1. Shangazi akaapa kwamba hajaifungua programu hiyo zaidi ya mara mbili. Ilikuwa kweli, na MB 38 ndizo hizo mara mbili zake. GB 4.1 zilizobaki zilikuwa za video za mjukuu anayejifunza kutembea, ambazo shangazi hakuzipiga yeye. Ziliingia kupitia kundi la WhatsApp la familia, zikajihifadhi kwenye tableti, programu ya picha ikaliona lile folda na kuanza kulipandisha mtandaoni kila usiku.

Nilikaa na mfano huo kwa muda kwa sababu ndiyo njia ambayo bando nyingi hufa, na watu hawaioni kwa kuwa kila hatua peke yake inaonekana ndogo. Fuata video moja. Inashuka yenyewe kutoka kwenye kundi: hiyo ni mara ya kwanza unailipia. Programu ya picha inaipandisha kwenye hifadhi yake: mara ya pili, maana kwenye bando kupandisha kunahesabiwa sawa na kushusha, jambo ambalo wengi hawalijui. Kisha WhatsApp yenyewe, kama umeruhusu nakala ya akiba ijumuishe video, inaipandisha tena: mara ya tatu. Video ambayo hujaitazama hata mara moja imepita kwenye ruta yako mara tatu. Na uzito wake si mchezo. Apple wenyewe wameandika kwenye mipangilio ya kamera ya vifaa vyao kwamba dakika moja ya video ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde ni kama MB 60, na ya 4K kwa fremu hizohizo ni kama MB 170. WhatsApp huzibana video kabla ya kuzituma, lakini zile unazopiga mwenyewe kwa kamera ya tableti hupandishwa zikiwa na unene wake wote, kama umechagua ubora halisi.

Kwa hiyo kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uone upakuaji wa kiotomatiki. Kuna orodha tatu: ukiwa kwenye data ya simu, ukiwa kwenye Wi-Fi, na ukiwa nje ya mtandao wa kampuni yako ya simu, kama unaposafiri nchi nyingine. Watu hufungua ya kwanza, wakazima kila kitu, wakatoka wameridhika. Wewe orodha yako ni ya pili. Kwa kawaida huko kwenye Wi-Fi kila kitu kimewekwa alama: picha, sauti, video, nyaraka. Ondoa zote. Kuanzia hapo picha itakuja ikiwa na ukungu na kialama cha kushusha, utaibonyeza ukiitaka. Humohumo, kwenye mazungumzo, angalia nakala ya akiba: ondoa video, na ipange ifanyike kwa mwezi au pale unapoiamuru mwenyewe. Telegram nayo ina orodha za namna hiyo, tena ni pana zaidi, kwa sababu unaweza kuweka ukomo wa ukubwa wa faili.

Kwenye programu ya picha, zima kuhifadhi nakala kwa folda za WhatsApp na za picha za skrini, uache ya kamera peke yake, au uzime kabisa na uwashe siku ukiwa kwenye mtandao usio na kipimo. Kama ni Google Photos na hutaki kuzima, badilisha ubora uwe ule wa kuokoa nafasi. Hapo picha hubanwa, zile kubwa zaidi zikipunguzwa hadi megapikseli 16, na video zilizo juu ya 1080p huteremshwa hadi hapo.

Utaona kwamba karibu kila mahali tunapopita kuna maneno "kwa Wi-Fi tu", na ndiyo maneno yaliyokuponza. Aliyeyaandika alikuwa anamwazia mtu mwenye simu yenye bando na nyumba yenye waya usiopimwa. Kwake huo ni ulinzi. Kwako wewe ambaye Wi-Fi yako ndiyo bando, ni ruhusa ya kula. Kuanzia leo kila ukiyasoma maneno hayo kwenye mipangilio yoyote, yasome kama "ruksa".

Duka la programu la Google Play ni mahali pa pili pa kwenda baada ya WhatsApp na picha. Bonyeza picha yako ya wasifu, Mipangilio, mapendeleo ya mtandao, na kusasisha programu kiotomatiki. Utaikuta kwenye Wi-Fi tu. Iweke isisasishe yenyewe. Ukiwa hapohapo zima na video zinazojicheza dukani, upuuzi mtupu. Halafu pitia orodha ya programu ulizonazo. Mchezo ambao mtoto aliupakua akaucheza siku mbili bado unasasishwa kila unapotoka toleo jipya, na michezo haijui kusasisha kwa kilobaiti. Uufute. Zile zilizokuja na tableti ambazo hazifutiki, nyingi zinakubali kuzimwa.

Kwa kuwa umesema barua pepe ndiyo kazi kuu, kuna kipengele cha Gmail ambacho karibu hakuna anayekifungua. Ingia mipangilio ya Gmail, chagua akaunti yako, ushuke hadi sehemu ya matumizi ya data: kuna kupakua viambatisho vya barua za karibuni kwa Wi-Fi. Kikiwa kimewashwa, kila PDF ya kurasa mia mbili inayotumwa kwa watu wote ofisini inashushwa kwako hata kama hutaisoma. Kizime. Kipengele cha picha nacho ukiweke kiulize kwanza kabla ya kuzionyesha, na utaona matangazo yaliyojaa picha yanavyokuwa mepesi ghafla.

Vingine nitavitaja mbiombio kwa sababu vinategemea kama unavyo. Ramani za Google ulizopakua kwa matumizi ya nje ya mtandao hujihuisha. Programu za podikasti hushusha vipindi vipya zenyewe. Netflix ina tabia ya kufuta sehemu ya tamthilia uliyomaliza kuitazama na kushusha inayofuata ukiwa kwenye Wi-Fi, na kwa hesabu ya Netflix wenyewe saa moja ya picha za ubora wa juu (HD) inaweza kufika GB 3, wakati ubora wa chini ni kama GB 0.3. Tofauti ya mara kumi kwa kitufe kimoja. Facebook huzicheza video yenyewe unapozipitia kurasa. Hiyo si ya chinichini, lakini watu huniandikia wakidhani ni ya chinichini kwa sababu "hawakutazama video". Ilijitazama yenyewe.

Visivyo na haja ya kuguswa ni kalenda, majina ya simu, saa na arifa za maandishi. Hivyo vinakwenda kwa kilobaiti. Nimeona mtu amezima ulandanishaji (sync) wa akaunti yote, mikutano ikampita mwezi mzima, akaokoa data isiyojaza hata picha moja. Kwenye orodha ya walaji utaiona pia Huduma za Google Play ikiwa karibu na juu, nawe utatamani kuifunga. Iache. Ndiyo inayobeba arifa za programu zako nyingi kwa pamoja, na ukiifunga utakosa usingizi kwa sababu nyingine.

Sasa yale uliyoyafanya tayari. Kutelezesha programu zitoke kwenye skrini kunaondoa dirisha, lakini kazi zilizoko kwa msimamizi wa foleni zinabaki kwa msimamizi. Zikifika zamu yake, programu inaamshwa. Hukupoteza kitu, wala hukuokoa kitu. Programu za kusafisha ni hatari kidogo zaidi. Sifa yao kubwa ni kufuta akiba ya muda ya programu nyingine, na akiba hiyo ndiyo iliyokuwa imehifadhi picha na kurasa ulizokwisha kuzishusha. Ukifungua programu tena, inazishusha upya. Kwa hiyo umelipa mara mbili kwa kitu kilekile, na juu yake umetazama tangazo la programu ya kusafisha, ambalo nalo limetumia data. Zifute zote mbili leo.

Zile zinazojiita za kuokoa data kwa kupitisha mtandao wako wote kwenye seva zao ningeziogopa kwa sababu nyingine: unamkabidhi mtu usiyemjua kila unachokifanya. Na faida yake imepungua sana. Kurasa nyingi siku hizi zimefungwa kwa usimbaji, na aliye katikati hawezi kuzibana bila kuzifungua. Google nao waliwahi kuwa na hali nyepesi (Lite mode) ya kubana kurasa ndani ya kivinjari chao cha Chrome, wakaiondoa katika toleo la 100, Machi 2022. Kama bado unaona maelekezo yanayokuambia uiwashe, yamepitwa na wakati. Kivinjari cha Opera Mini bado hubana kurasa kwenye seva zake, na kwa kusoma habari za maandishi inasaidia, lakini haitagusa hata tone la kile kinacholiwa chinichini na programu nyingine.

Wasomaji wenye iPad wasidhani wamesahaulika. Tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019 kuna kitufe kiitwacho Low Data Mode. Fungua Settings, Wi-Fi, kisha herufi ya i kando ya jina la mtandao. Kinafanya kwa mkupuo mengi ya tuliyoyasema: kusimamisha kupandisha picha kwenye iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, kuzuia masasisho ya kiotomatiki na kuhuisha programu chinichini. Nacho kinawekwa kwa kila Wi-Fi peke yake. Shida ya iPad ni kwamba haikuonyeshi kila programu imekula kiasi gani kwenye Wi-Fi. Hesabu hiyo ipo kwa data ya laini tu. Kwa hiyo mwenye iPad na ruta ya mfukoni atalazimika kusoma hesabu kwenye ruta. Tableti za Windows zina alama ya mtandao unaopimwa kwenye ukurasa wa sifa za Wi-Fi, na usipoiweka, masasisho ya Windows yatakumaliza kabla ya programu yoyote.

Kama siku moja utahamishia laini kwenye tableti yenyewe, ikiwa ina tundu la laini, utapata kitu ambacho Wi-Fi haikupi: ukomo. Android itakuruhusu kuweka siku mzunguko wa bando unapoanza, kiwango cha kukuonya, na kiwango cha kukata. Weka tarehe uliyonunua bando, onyo kwenye GB 7, kukata kwenye GB 9.5, kwa sababu hesabu ya tableti na ya kampuni ya simu hazilingani hadi tone la mwisho, na ya kampuni ndiyo inayokata.

Jambo moja nakuomba usilifanye: kuinyima tableti masasisho moja kwa moja. Mengi yanaziba matundu ya usalama, na kivinjari, WhatsApp na mfumo wenyewe haviwezi kubaki vya mwaka jana. Kama unafika mahali penye mtandao usiopimwa, kazini au kwa ndugu, nenda na tableti na chaja yake mara moja kwa wiki mbili, ufungue duka la programu, usasishe zote, na uiruhusu picha zipande. Tableti itautambua mtandao huo kuwa tofauti na wako, maana alama uliyoweka ni ya ruta yako tu. Kama hufiki mahali kama hapo, sasisha kwa mkono hizo muhimu, mbili tatu kwa wiki. Zitakuwa nafuu kuliko unavyoogopa: duka la Google Play mara nyingi hushusha tofauti kati ya toleo la zamani na jipya bila kuleta programu nzima. Toleo jipya la mfumo ni habari nyingine, linaweza kuzidi GB 1. Hilo lisubirie mtandao wa mwingine.

Ukishapanga yote, fanya jaribio la usiku mmoja. Angalia salio la bando ukiwa kitandani, liandike. Iache tableti kwenye chaja na Wi-Fi ikiwa imewashwa, kama juzi. Asubuhi angalia tena kabla hujagusa kitu. Ukikuta zimepungua megabaiti chache tu, umemaliza. Ukikuta zimepungua mia tatu au zaidi, rudi kwenye ule ukurasa wa walaji, ulinganishe na ya jana. Usiku unaofuata zima Wi-Fi ya tableti kabisa, lakini ruta uiache inawaka. Hili watu hulisahau. Data ikiendelea kupungua Wi-Fi ya tableti ikiwa imezimwa, mlaji si tableti. Kwenye kibandiko cha chini au nyuma ya ruta kuna anwani ya namba na nenosiri la kuingilia. Iandike anwani hiyo kwenye kivinjari, uingie, utafute orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Hesabu: tableti, simu yako, labda kompyuta. Ukiona runinga iliyounganishwa siku moja na haikuondolewa, au simu ambayo huitambui, badilisha nenosiri la Wi-Fi papo hapo, na usilitaje mbele ya wageni. Kumbuka tu kwamba ukibadilisha na jina la mtandao, tableti itauona kama mtandao mgeni, na ile alama ya kupima data itabidi uiweke upya.